Farasi wa Shah, ngoma ya mtemi

Bujora hakuna farasi wa kifalme. Ukiiacha barabara ya Mwanza kwenda Musoma pale Kisesa, wilayani Magu, ukapanda hadi Makumbusho ya Wasukuma, enzi ya watemi utaikuta kwenye ngoma, viti, mikuki na mapambo ya mwilini. Hata banda linalohifadhi ngoma hizo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Wasukuma waliotaka kuonyesha kwamba nchi ina mwenyewe waliweka mti na ngozi mahali ambapo Waajemi waliweka karatasi, dhahabu na farasi.

Nimeanza na ulinganisho huu kwa sababu kuna hukumu moja ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa watu waliosoma, na inanikera. Mtu anaangalia michoro ya vitabu vya Uajemi, shah juu ya farasi mweupe, mwavuli juu ya kichwa chake, mbwa wa mawindo mbele yake, kisha anageukia bara la Afrika Mashariki na kusema kwamba huku hapakuwa na sanaa ya kifalme. Kipimo chake ni picha, na asipoiona picha anadhani hapakuwa na kitu. Tunapaswa kujiuliza tena kwa utaratibu: kwa nini watawala wa Uajemi walichorwa wakiwa juu ya farasi, na watawala wa ukanda wa ziwa na wa pwani walitumia nini kufanya kazi hiyohiyo?

Uajemi walianza zamani, kwenye mwamba kabla ya karatasi. Huko Naqsh-e Rostam, karibu na Persepolis, kuna mchongo wa karne ya 3 unaomwonyesha Ardashir wa Kwanza, mwanzilishi wa ukoo wa Wasasani, akipokea pete ya ufalme kutoka kwa mungu Ahura Mazda. Wote wawili wamepanda farasi, wametazamana, na wanalingana kimo. Chini ya kwato za farasi wa Ardashir amelala mfalme aliyeshindwa, Artabanus. Chini ya kwato za farasi wa mungu amelala Ahriman, roho ya uovu. Hoja nzima ya kisiasa imechongwa pale bila neno kuhitajika: aliyempindua mtangulizi wake amefanya duniani kile ambacho mungu amefanya mbinguni. Farasi ndiye anayekanyaga, na mikono ya mfalme inabaki safi, huru kupokea pete.

Karne nyingi baadaye hoja hiyo ilihamia vitabuni. Mshairi Firdawsi alikamilisha Shahnama mwaka 1010, utenzi wa beti karibu 50,000 juu ya wafalme wa Iran tangu uumbaji hadi ujio wa Uislamu. Kwa kipindi kirefu baada yake, mtawala aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wafalme hao aliagiza nakala yake yenye michoro. Waliohitaji zaidi kufanya hivyo walikuwa wageni. Nakala kubwa tunayoijua kama Shahnama ya Wamongolia ilichorwa miaka ya 1330, inadhaniwa huko Tabriz, wakati nchi ikitawaliwa na uzao wa wavamizi waliotoka nyika za mbali. Wamongolia hawakuwa na nasaba ya Kiajemi, lakini farasi walimjua kuliko mtu yeyote. Kumchora Iskandar au Bahram Gur, wafalme wa utenzi huo, juu ya farasi, amevaa silaha za Kimongolia, kulimwezesha mtawala mgeni kuingia kwenye hadithi ya wenyeji bila kuvua nguo zake.

Kazi yenyewe ilifanywa katika karakana za maktaba za kifalme, ambako mmoja alilainisha karatasi kwa jiwe, mwingine aliandika, mwingine alipaka dhahabu, mwingine alichora sura kwa brashi ya nywele chache za mnyama. Buluu ilisagwa kutokana na jiwe lililochimbwa milima ya Badakhshan. Huko Herat, mwishoni mwa karne ya 15, Kamal al-Din Bihzad aliipa michoro hii utulivu na mpangilio ambao wengine waliufuata kwa vizazi. Kilele ni Shahnama ya Shah Tahmasp, iliyotengenezwa Tabriz kuanzia miaka ya 1520: kurasa 759, michoro 258.

Tuchukue tukio moja lililochorwa tena na tena, la Siyavush kupita motoni. Mwanamfalme amesingiziwa na mke wa baba yake, Sudaba, kwamba alimtaka kimapenzi. Ili kuthibitisha usafi wake anapanda farasi wake mweusi na kupita katikati ya moto mkubwa. Mchoraji humvika nyeupe, kwa kuwa Firdawsi anasimulia kwamba alijipaka kafuri kama maiti anayekwenda kuzikwa. Miali imesokotwa kwa dhahabu na wekundu hadi inakaribia kutoka nje ya mstari wa ukurasa. Mfalme Kay Kavus anatazama. Watazamaji wameweka kidole mdomoni, ishara ya kustaajabu inayorudiwa katika michoro mingi ya Kiajemi. Sasa tazama uso wa Siyavush: hauna kitu. Haogopi, hatoki jasho, hata kope hazijakunjamana. Hofu na juhudi zote amepewa farasi, shingo imepinda, jicho limetoka, miguu imekatika kutoka ardhini.

Hapo ndipo nguvu ya sanaa hii ilipo. Mwenye nasaba ya kifalme haruhusiwi kuonyesha mwili unaotaabika, kwa hiyo mwili wa pili unaazimwa kutoka kwa mnyama. Farasi anahema kwa niaba ya mfalme. Hata mkia na miguu ya farasi huonekana imepakwa hina, kama bibi harusi, maana naye ni sehemu ya vazi la enzi.

Lakini nani aliiona picha hiyo? Kitabu kilifungwa, kikawekwa kwenye hazina, kikafunuliwa mbele ya shah, jamaa zake na wageni wachache wa heshima. Mkulima wa Tabriz hakukiona maisha yake yote. Tahmasp mwenyewe alikiachia kitabu chake kikubwa kuliko vyote: mwaka 1568 kilifika kwa Selim wa Pili, sultani mpya wa Uturuki, kama zawadi ya kulinda amani, kikatoka hazina moja kwenda nyingine. Kwa hiyo tusiufikirie mchoro wa mfalme juu ya farasi kama bango la kampeni. Mfalme alikuwa akijisomea mwenyewe habari za wenzake, na akiwaonyesha walio karibu naye kwamba yumo kwenye orodha.

Umati ulikuwa na kitu kingine, na wachoraji wenyewe wametuachia ushahidi wake. Tazama pembe za juu za michoro ya vita: nyuma ya kilima, wamejibanza wapiga tarumbeta ndefu na wapiga ngoma zilizofungwa juu ya ngamia au farasi. Hata Uajemi, enzi iliwafikia watu wengi kwa masikio. Mchoraji alijua hivyo, na akajitahidi kuichora sauti.

Turudi huku kwetu, tukianzia pwani, maana kama picha za Kiajemi zingeota mizizi popote Afrika Mashariki zingeota huko. Masultani wa Kilwa walijinasibisha na Shiraz. Vyombo vya udongo vya Ghuba vinafukuliwa katika magofu kutoka Lamu hadi Kilwa. Hata hivyo mchoro wa mfalme haukushika. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na 19 ina mapambo ya hali ya juu, nyekundu, nyeusi na manjano, maua na mafundo ya kijiometri, bila mtu hata mmoja. Hilo halishangazi kwa msahafu. La kushangaza ni namna watawala wa pwani walivyojionyesha.

Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, muongo uleule ambao wachoraji wa Tabriz walikuwa wakipaka dhahabu Shahnama ya Wamongolia. Anasimulia kwamba baada ya sala ya Ijumaa sultani alitoka msikitini kwa miguu. Juu yake walibeba vitambaa vinne vya hariri ya rangi, kila kimoja kikiwa na ndege wa dhahabu juu, na mbele yake zilipigwa ngoma, tarumbeta na zumari. Kila kitu cha mchoro wa Kiajemi kipo, mwavuli, dhahabu, ngoma na tarumbeta, isipokuwa farasi. Na sultani hakuchorwa. Alitembea, akasikika, akaonekana kwa macho ya kila aliyekuwa njiani.

Pate na Lamu waliendeleza jambo hilo kwa siwa, baragumu la enzi. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu ni vyombo virefu, na vilipigwa kwenye sherehe za watawala na za koo kubwa. Ufundi uliowekwa juu yake, nakshi na maandishi, haupungui ufundi wa ukurasa wa Herat. Tofauti ni kwamba nakshi ya siwa ni ya aliye karibu, na mlio wake ni wa mji mzima.

Farasi naye hakukosekana pwani. Aliingia kwa mlango wa ushairi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Heraclius mfalme wa Rumi, na ndani yake wapanda farasi na panga ni wengi. Wasikilizaji wengi katika miji ya mawe ya matumbawe, yenye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma, walimjua farasi wa vita kupitia sauti ya msomaji. Kwa maoni yangu tenzi hizi ndizo jamaa wa karibu zaidi wa Shahnama tulio nao: nazo ni hadithi za mashujaa na wapinzani wao, ila msanii amempa msikilizaji kazi ya kuchora.

Bara, sababu ya kwanza ya kukosekana kwa farasi ni ya kibaolojia, na haina fumbo. Mbung'o hueneza nagana, na visubi hueneza ugonjwa mwingine unaowamaliza farasi haraka. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, mmoja akiwa zawadi ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Wote wawili walikufa Kingaru, Ukwere, hata nusu ya safari ya Unyamwezi haijafika. Ishara ya heshima iliyokubalika kote kutoka Istanbul hadi Delhi haikuvuka pori la Ukwere.

Wengi huishia hapo, na mimi naona hapatoshi. Wasukuma walikuwa na ng'ombe kwa maelfu, kwa kuwa kulima na kufyeka kulisukuma mbung'o mbali na makazi. Kama tatizo lingekuwa mnyama tu, wangemfanya fahali awe farasi wao. Upande wa magharibi ya ziwa, Karagwe, jambo la namna hiyo lilifanyika: miongoni mwa vitu vya enzi vya Mukama Rumanyika, aliyewapokea wasafiri Waingereza Speke na Grant mwaka 1861, walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu, kazi ya wahunzi wenye mkono mwepesi ajabu. Kwa hiyo mnyama wa kifalme aliwezekana. Usukumani hawakumpa nafasi ya kwanza, na sababu yake tuitafute kwenye utemi wenyewe.

Usukuma haukuwa dola moja. Zilikuwa tawala makumi, kila moja na mtemi wake. Kiti kilipokuwa wazi, mtemi mpya aliteuliwa na wazee waitwao banang'oma, mara nyingi kutoka kwa watoto wa dada za watemi, na aliyeshindwa kazi aliweza kuondolewa. Kazi yake kubwa ilikuwa mvua, mbegu na afya ya nchi. Mwili wake ulizungukwa na miiko. Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni aliyeishi Mwanza miaka mingi, aliandika kitabu kizima juu ya mazishi, uteuzi na kusimikwa kwa mtemi, kikatoka mwaka 1951, na kinachojitokeza humo ni mtu aliyefungwa na nchi yake. Raia ndio waliokuwa na uhuru wa kwenda. Familia isiyoridhika ilikusanya mifugo yake na kuhamia kwa mtemi mwingine.

Sasa mweke mtu huyo juu ya farasi. Mchoro wa Kiajemi unasifu mwendo: shah anawinda, anavamia, anavuka nchi na jeshi lake, na ufalme uko pale alipo yeye. Mtemi akionekana anakwenda kasi angeonekana anakimbia nchi. Enzi yake ilikaa mahali, kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hicho sauti ndiyo iliyotumwa itembee. Ngoma ilitangaza mtemi mpya na kuita watu. Nionavyo, hii ndiyo sababu iliyo nzito zaidi kuliko mbung'o: ngoma inasema jambo ambalo farasi hawezi kulisema, kwamba mtawala hajaondoka.

Na hili halikuwa la Wasukuma peke yao. Zunguka ziwa uone. Buganda wana Mujaguzo, kundi la ngoma za kabaka, lililorudi kusikika ufalme uliporejeshwa mwaka 1993. Burundi walikuwa na Karyenda. Rwanda walikuwa na Kalinga, ngoma iliyotundikwa vipande vya miili ya wafalme walioshindwa, na mtu akitaka mfano wa Artabanus chini ya kwato, ndiye huyo, amening'inizwa kwenye mti wa ngoma. Wachongaji wa Naqsh-e Rostam na watunzaji wa Kalinga walikuwa wakisema jambo moja.

Je, Wasukuma hawakuchora? Walichora, na hapa ndipo hukumu niliyoitaja mwanzoni inapoanguka kabisa. Mwaka 1953 Cory huyohuyo alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya vyama vya wachezeshaji nyoka. Ndani ya nyumba za chama, mahali pa kuwaingiza wanachama wapya, kuta zilichorwa nyoka, watu na viumbe vya simulizi. Mwanachama alifundishwa mbele ya picha hizo. Asiyeingizwa hakuziona. Kwa hiyo rangi zilikuwepo, mikono ilikuwepo, na desturi ya picha kwa watazamaji wachache walioteuliwa ilikuwepo, sawasawa na kitabu cha shah ndani ya hazina yake. Wasukuma waliamua kwamba picha ni mali ya siri ya chama cha maarifa, na enzi ni mali ya hadhara. Waajemi waliiweka picha ya siri mikononi mwa enzi yenyewe. Anayesema huku hapakuwa na picha amepita nje ya nyumba bila kuingia.

Vitu pia vilifika kutoka mbali. Duara la kombe la bahari, lililokatwa kutoka kwa konokono wa Bahari ya Hindi na ambalo Wanyamwezi huliita kibangwa, lilivaliwa na watemi huku ziwani, mamia ya kilomita kutoka ufukwe wa karibu. Njia iliyoleta kombe ingeweza kuleta kitabu. Kilicholetwa kilikuwa kile ambacho utemi ulikuwa na matumizi nacho.

Historia za urithi huu na ule zimekwenda pande tofauti katika karne ya 20. Shahnama ya Wamongolia ilichanwa na mfanyabiashara Georges Demotte mjini Paris mnamo miaka ya 1910. Alitenganisha hata pande mbili za karatasi moja ili auze michoro miwili. Shahnama ya Tahmasp ilinunuliwa na Mmarekani Arthur Houghton mwaka 1959, naye akaifungua, akatoa michoro 78 kwa Metropolitan Museum ya New York na kuuza mingine mmojammoja. Mwaka 1994, baada ya kifo chake, iliyobaki ilirudi Iran kwa kubadilishana na mchoro wa Willem de Kooning wa mwanamke aliye uchi, makabidhiano yakifanyika uwanja wa ndege wa Vienna. Mwezi Oktoba 2022 ukurasa mmoja wa kitabu hicho, shujaa Rustam akimtwaa tena farasi wake Rakhsh, uliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 8.

Bujora kazi ilikuwa kukusanya. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec aliyefika miaka ya 1950, alijenga kanisa la mviringo kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma, altare yake ikiwa na sura ya kiti cha mtemi, na pamoja na wazee wa Kisukuma akaanza kuhifadhi vitu vya tawala mbalimbali. Muda haukuwa mrefu. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta madaraka ya machifu, na vitu ambavyo jana vilikuwa vya dola vikabaki mikononi mwa koo zisizojua vitatunzwa wapi. Vingine vilikuwa vimekwisha kwenda zamani: kiti kirefu cha Buruku, Unyamwezi, chenye umbo la mtu lililochongwa kwenye egemeo, kipo Berlin tangu enzi za Wajerumani.

Namshukuru Clement na wenzake kwa dhati. Lakini mkusanyiko nao umebadilisha kitu. Ngoma hizi hazikutengenezwa zikae banda moja. Kila moja ilikuwa na nchi yake, na ngoma ya mtemi mmoja kulia katika nchi ya mwingine ilikuwa sababu tosha ya ugomvi. Zikiwekwa pamoja zinamfundisha mgeni kwamba Usukuma ni mmoja, fundisho lililo la kweli kwa leo na la uongo kwa mwaka 1850. Vivyo hivyo ukurasa wa Tahmasp ukiwekwa kwenye fremu, peke yake ukutani, unamfundisha mtazamaji kwamba ni picha, ilhali ulikuwa hatua moja ndani ya simulizi ndefu iliyosomwa kwa sauti.

Kuna jambo moja ambalo Bujora inaliweza na New York hailiwezi. Ngoma za kifalme bado hupigwa siku za sikukuu za kanisa na wakati wa ugeni wa serikali, na mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika hushindana kwa ngoma na uchezaji kwenye viwanja vya hapo. Ngozi ikichakaa huwambwa nyingine na ngoma hubaki ileile, jambo ambalo karatasi ya Tabriz haivumilii. Picha za Shahnama sasa zinapatikana kwenye intaneti, ukurasa kwa ukurasa, kwa azma ya kitabu kusomwa tena kikiwa kizima. Kazi inayolingana na hiyo kwa Bujora ni kurekodi mapigo ya kila ngoma na tawala ilikotoka, yapigwe na watu wa nchi hiyo, ili Magu isikike tofauti na Nera na Nera tofauti na Busiya, kama zilivyosikika kabla ya 1963.